Vitambaa Juu ya Isale

Nilikuwa bado mtoto, sijavunja ungo, siku Bibi alipomwambia dada yangu Ndeshi kwamba hatashika mtoto wa tumbo lake mpaka aende kaburini kuomba radhi. Hakupandisha sauti. Alisema kama alivyotuambia kila jioni tufunge banda ng'ombe asitoke, kisha akainama, akajitwisha mzigo wake wa majani, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimekaa chini na nusu ya parachichi mkononi. Ningependa kusema niliogopa, maana ndicho mtu anachotegemewa kusema akikumbuka jambo kama hilo. Sikuogopa. Sikuhisi kitu chochote, nikamaliza parachichi langu.

Ndeshi ni mtoto wa baba mkubwa. Vitabu vitasema binamu, lakini kwetu Machame mtoto wa baba mkubwa ni dada, basi. Alikuwa amekulia Majengo, mjini Moshi, kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na wapangaji wengi. Baba yake alipopata kazi mbali akampandisha kwa Bibi, ambako mimi nililelewa tangu nilipoacha kunyonya. Alikuja na viatu vya plastiki na ulimi wa mjini. Asubuhi ya kwanza tu alisema mbele ya Bibi kwamba maji ya huku yana meno. Bibi akamjibu kwamba meno hayo hayajawahi kumla mtu, anawe uso aende shule. Nilimpenda tangu hapo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minne hivi, keshavunja ungo, na alijua mambo ambayo mimi niliyapata kwa kutega sikio tu.

Bibi alikuwa na sheria zake kuhusu siku za mwanamke. Alizifundisha mara moja kwa kila msichana, jikoni, huku amempa mgongo akichochea moto. Unapewa vipande vya shuka kuukuu. Unavifua peke yako, kwa maji uliyoyachota mwenyewe, na kamwe si kwenye mfongo, ule mfereji ambao majirani wote walichota na kunyweshea mifugo. Maji ya kufulia unayamwaga kwenye shina la mgomba. Vitambaa unavipandisha darini juu ya meko, nyuma ya kuni, vikauke kwa moshi. Damu ya mwanamke haionwi na jua wala na mwanamume. Jua likishaizoea damu yako, alisema, halitaishia kwenye kitambaa, litakausha na tumbo.

Bibi alikuwa mama wa kanisa, tena wa benchi la mbele. Usharika mzima ulimheshimu, na hakukosa ibada hata siku ya mvua ya mawe. Sikuwahi kuona ajabu kwamba mtu huyohuyo alimwaga maziwa kidogo chini kabla ya kuwagawia watu. Kwetu mambo hayo mawili yaliishi nyumba moja kama wakewenza waliokwishachoka kugombana.

Shida ni kwamba moshi haukaushi. Uliviachia vitambaa harufu na rangi ya chai, ila unyevu ulibaki, hasa Julai, ukungu unaposhuka kutoka mlimani alfajiri na kushinda nasi mpaka jioni. Wasichana walivivaa hivyohivyo. Ndeshi akachubuka mapaja, akawa anakwenda shule miguu imeachana, na wavulana wakampa jina la bata. Alimwonyesha Bibi vidonda. Bibi alisikitika kweli, akampa samli apake, na vitambaa vikarudi darini.

"Majengo tulikuwa tunaanika," Ndeshi aliniambia. "Mama anaweka kwenye kamba, anafunika khanga juu. Jua linapita kwenye khanga. Hakuna aliyekufa."

Nilimwuliza kama mama yake amezaa watoto wangapi baada ya kuanika. Akanihesabia wadogo zake kwa vidole mpaka tukacheka.

Ikaja siku moja ya likizo, ukungu ukafunguka mapema. Mlima ukaonekana wote, na jua likatoka kwa nguvu ambayo tulikuwa tumeisahau. Ndeshi alishusha vitambaa vyake darini, akavifua upya kwa sabuni ya mche mpaka vikarudia weupe wake, akavitia kwenye ndoo na kuvifunika. Akaniambia nimfuate.

Uani hatukuweza kubaki. Baba mdogo alikuwa juu ya paa la banda na misumari mdomoni. Tukaingia kihambani. Msomaji asiyejua kihamba cha mlimani atadhani ni shamba tu. Ni nyumba ya giza yenye paa la majani. Migomba juu, kahawa chini, magimbi chini ya kahawa, na jua linafika ardhini vipande vipande, kila kipande hakitoshi hata leso. Tulizunguka sana. Mwishowe tukatokea kwenye kona ya chini kabisa, alikozikwa Babu, mume wa Bibi, karibu na baba yake. Pale hapakupandwa mgomba, kwa hiyo palikuwa peupe na joto, na kuzunguka makaburi palisimama isale bichi, lililotufika mabegani.

Isale ni mmea wa majani marefu membamba. Kwetu ndio mpaka wa shamba na ndio alama ya kaburi. Tena ndio msamaha. Mtu aliyekukosea akija na jani la isale lililofungwa fundo, akakunyooshea, humkatalii, hata kama alichokufanyia ni cha kumwaga damu. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma.

Ndeshi hakulijua, au kama alilijua halikumjia akilini. Aliona majani imara yanayoelekea jua. Akatandaza vitambaa juu yake kimoja kimoja, akivinyoosha kwa kiganja. Tukakaa kwenye nyasi kuvilinda. Tulikuwa na maparachichi mawili. Tulizungumza habari za walimu.

Bibi alitokea na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alisimama. Kisha akautua mzigo peke yake, jambo ambalo hakuwa akilifanya, maana siku zote alitungoja tumtue.

"Ni vya nani?" aliuliza.

"Vyangu, Bibi," Ndeshi akajibu. "Nimevifua, ni safi."

"Sikuuliza usafi. Umemfunika babu yako kwa damu."

"Ni shuka tu, Bibi."

Bibi akavikusanya mwenyewe, bila haraka, akavikunja akavitia ndooni. Akasema kesho yake asubuhi Ndeshi atakuja pale na maziwa na jani la isale, na yeye Bibi atamfundisha maneno. Lilikuwa jambo la kumalizika kwa dakika chache. Nilidhani litamalizika.

"Siwezi, Bibi," alisema Ndeshi. Alikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara mwaka ule, na alikuwa mwanafunzi mzuri. "Mwalimu amesema aliyekufa haombwi. Nikiomba kaburi, nitasimamaje madhabahuni?"

Ninajua sasa kwamba hakusema kwa kiburi. Alikuwa amepigwa butwaa, akashika jibu la kwanza alilofundishwa. Lakini Bibi aliyekaa benchi la mbele alisikia mtoto akimfundisha dini kwenye kaburi la mumewe. Ndipo akasema lile neno la kutoshika mtoto. Akajitwisha mzigo, tukabaki sisi wawili na ndoo.

Hakulirudia tena. Ndeshi alipopata kipaimara, Bibi alimpikia, akamfunga kilemba kizuri, akaimba kwa sauti kuliko wote. Waliishi vizuri. Walitaniana kuhusu maji yenye meno mpaka Ndeshi alipoondoka. Ila vitambaa vilirudi darini, na mwaka uliofuata vyangu vikaungana navyo. Nilipovunja ungo Bibi alinipa mgongo, akanieleza sheria zote, nami nikaitikia kila sheria. Nilichubuka kama alivyochubuka Ndeshi. Nilipaka samli. Nikikumbuka miaka ile siioni huzuni wala hasira, naona tu mikono yangu ikipitisha kitambaa chenye unyevu nyuma ya kuni.

Ndeshi aliolewa Sanya Juu, kwa mfanyabiashara wa mahindi. Mwaka wa kwanza watu walisubiri. Wa pili wakaanza kumtazama tumbo kabla ya kumsalimu. Hatujui neno la Bibi lilitoka vipi pale kaburini. Labda Bibi alimweleza mtu mmoja, na mtu mmoja anatosha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema, na walisema kwa huruma, jambo ambalo ni baya zaidi. Alikwenda hospitali na kurudi, na kila mara aliambiwa hawaoni kasoro. Mumewe hakukubali kupimwa. Bibi akafariki. Miaka ikapita, mume akaleta mwanamke mwingine, na Ndeshi akarudi Machame na masanduku yake, akaingia nyumba ya Bibi, akachukua na ng'ombe wa Bibi. Mpaka leo yuko hapo.

Mimi nilisoma, nikapata kazi mjini, nikaolewa. Nilikaa muda mrefu kabla ya kupata mimba, na katika muda huo sikumweleza mume wangu nilichokuwa nikiwaza. Nilikuwa nikiwaza kwamba mimi sikuanika, kwa hiyo kwa nini. Niliwaza hivyo mimi, mwanamke mwenye cheti ukutani. Haika alipozaliwa, mkunga aliniwekea kifuani, akaniambia, "Mama, mbona hata hufurahi?" Nilikuwa nikimkagua vidole.

Huyo Haika ndiye aliyenirudisha huku kote. Mwaka jana, kabla ya likizo ya Desemba, alikuja chumbani kwangu akasimama mlangoni akasema, "Mama, imeanza. Usipaniki." Sikupaniki. Nilimpa pedi moja ya zangu, nikamwonyesha inavyobandikwa, na kesho yake tukaenda dukani achague zake mwenyewe, maana niliwahi kuapa kwamba binti yangu atachagua.

Tulikwenda duka la dawa karibu na soko. Nilimweleza yote, kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa ya mafua. Hizi nyembamba ni za siku za mwisho. Hizi ndefu ni za kulalia. Zenye mabawa hazikimbii ukiwa unacheza netiboli. Usikae nayo kutwa hata kama haijajaa. Zenye manukato achana nazo, zinawasha. Hiki ni kikombe, kinaingia ndani, kinachemshwa, kinakaa miaka. Wapo wanaokipenda, ukiwa mkubwa zaidi utaamua. Na hizi ni za kitambaa, zina vifungo, zinafuliwa.

Alizishika zote. Haika ana tabia ya kushika kitu kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Akamwuliza muuzaji maswali ambayo mimi ningekufa kwanza kabla ya kuyauliza, na kwa sauti, na nyuma yetu amesimama baba mmoja anayesubiri dawa ya kikohozi.

"Nachukua za kitambaa," akasema. "Shuleni pipa linajaa, matroni anafoka. Hizi nafua mwenyewe."

Nilimwambia achukue na za kutupa, za akiba. Akakubali. Muuzaji akazifunga kwenye gazeti, akaongeza gazeti jingine, kisha mfuko wa kaki.

"Mama, mbona anazifunga kama bangi?" Haika aliuliza tulipotoka.

Nilicheka. Tukaendelea kutembea, naye akaniuliza mimi nilitumia nini nilipokuwa kama yeye. Nikamwambia vitambaa vya shuka. Akauliza nilivianika wapi. Nikamwambia ndani. Akanitazama kidogo, akaona hapo pamefungwa, akaanza habari nyingine. Ni mtoto mwenye adabu, hata kama hajui kunong'ona.

Krismasi yenyewe tulikuwa kwa wakwe zangu. Siku iliyofuata nikapanda na Haika kwetu Machame, kumwona Ndeshi. Alitupokea kwa mtori na nyama ya kuchoma, akamzungusha Haika kumtazama urefu, akamwita mama. Haika akamwamkia shikamoo, akakimbilia banda la ng'ombe. Ndeshi sasa ana mvi. Anatembea kama Bibi, mkono mmoja kiunoni.

Asubuhi yake mimi nilikuwa namenya ndizi jikoni. Haika aliniambia kutoka nje kwamba amefua vitu vyake, anaenda kuvianika. Nikaitikia. Nilikuwa nimemaliza mkungu nusu ndipo kilichosemwa kiliponifika. Niliinuka na kisu mkononi. Uani hapakuwa na kitu kwenye kamba, maana vijana wa jirani walikuwa wamekuja kumpasulia Ndeshi kuni, na Haika, kwa ujasiri wake wote wa dukani, kumbe ana haya mbele ya wavulana. Sikuhitaji kuuliza alikokwenda. Kihamba hakijabadilika. Mahali penye jua bado ni palepale tu.

Sikukimbia. Nilipita kwenye kahawa nikijiambia kwamba ni kitambaa na vifungo, nimekinunua mimi, kimeandikwa kianikwe juani. Nilijiambia hivyo na miguu ikaendelea kwenda. Nilipofika kona ya chini Haika hakuwepo, alikuwa amerudi kwa njia ya juu kufuata ndoo nyingine. Vitambaa vyake vilikuwa vimepangwa juu ya isale la Babu, vya maua ya zambarau, wazi kama bendera. Na Ndeshi alikuwa amesimama mbele yake, mzigo wa majani kichwani.

Nilimtua. Kisha nikaanza kuvikusanya. Nilikuwa nimeshaokota viwili.

"Viache," alisema Ndeshi.

"Hakujua, dada. Sikumwambia."

"Nimesema viache. Rudisha hivyo ulivyotoa."

Nikavirudisha. Mikono yangu ilifanya kazi yenyewe, kama zamani. Ndeshi akakaa juu ya mzigo wake wa majani, akavua kilemba akajifuta uso.

"Unajua Bibi alikuja Sanya Juu?" akauliza.

Sikujua. Hakuna aliyejua.

"Mwaka ule wa mwisho wake. Alipanda gari peke yake, amepinda hivyo alivyokuwa amepinda. Nikamkaribisha, nikamwekea chai. Akafungua pindo la khanga, akatoa jani la isale, limefungwa fundo. Akaninyooshea. Akasema, mjukuu wangu, neno langu lilikuwa kubwa kuliko kosa lako, nimekuja kuomba."

Nilingoja aseme alilipokea, kwa sababu hakuna jibu jingine. Katika maisha yangu sijasikia mtu aliyekataa isale.

"Sikunyoosha mkono," alisema Ndeshi. "Nilikuwa nimetoka hospitali wiki ile. Nikamwambia, Bibi, mimi siamini majani. Ulinifundisha benchi la mbele, mimi ni Mkristo. Nilimwambia hivyo, Anna. Bibi yetu. Akaliweka jani mezani, akanywa chai yote, akanishukuru kwa chai. Kabla ya mvua za masika akafa. Jani nililikuta mezani limekauka."

Nilikaa karibu naye. Nilijaribu kutafuta ndani yangu kitu cha kumpa, nikakuta mahali pale pa siku zote pasipo na kitu. Nilitazama vitambaa vya mwanangu.

"Sikwambii haya kwa sababu ya mtoto," akaendelea. "Mtoto nilishamlilia, yakaisha. Nataka kukuuliza kitu kimoja, maana ni wewe tu uliyebaki. Wewe ulikuwepo siku ile ya kwanza. Watu wamenieleza nilivyofanya, mwaka baada ya mwaka, kwamba nilimdharau Babu, nilikuwa binti wa mjini mwenye kiburi, mpaka siku hizi nikijikumbuka najiona hivyohivyo. Najiona nacheka wakati natandaza. Niambie. Nilifanya kwa dharau?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mtoto aliyekuwepo haulizwi. Nilijibu kwa sauti ileile ya dukani, sina nyingine.

"Hukucheka. Uani kulikuwa na baba mdogo, ukaona haya. Tulizunguka kihamba chote, hapa ndipo palipokuwa na jua. Kaburi hata hukuliangalia. Ulikuwa unamwogopa mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi wa yule mama wa ng'ambo ya mfongo. Aliyekula daftari lako la hesabu. Uliniuliza mara mbili kama huwa anafika huku, kwa sababu akivila vitambaa Bibi hatakupa vingine. Ndiyo maana ulichagua majani ya juu. Ndiyo maana tulikaa kulinda."

Ndeshi alinitazama. Kisha akaanza kulia, na katikati ya kilio aliongea.

"Mweupe," alisema. "Mwenye pembe moja."

"Huyo."

"Nilimwogopa mbuzi," alisema, akalia sana, amejifunika kilemba usoni. Mimi nilimshika bega. Nilimhurumia, na nilimhurumia Bibi kwenye gari la Sanya Juu na jani lake pindoni, na huruma hiyo iliniuma kifuani hasa, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudiwa na damu. Sikuipenda. Niliiacha iume.

Nimelifikiria jambo hili mwaka mzima. Siwezi kusimama mbele ya watu wa kwetu na kusema onyo la Bibi halikutimia, kwa kuwa lilitimia, tulilitazama likitimia. Wala sijui kilichomnyima Ndeshi mtoto, na aliyeweza kutusaidia kujua hakukubali kupimwa. Ninachojua ni kwamba Bibi mwenyewe alilirudisha neno lake, akalibeba mpaka Sanya Juu, na hatukujua, na sisi tukaendelea kulitumia baada ya mwenyewe kuliacha. Tulilitumia kwa Ndeshi. Mimi nililitumia hata kwangu, na nusura nimpe Haika bila kufungua mdomo, kwa kwenda tu na kukusanya vitambaa. Kumchagulia mtoto pedi ni kazi ya nusu saa. Hiyo nyingine, ya kutomrithisha neno lile, sikujua kwamba nayo ni kazi yangu.

Haika alirudi na ndoo ya pili, akatukuta tumekaa juu ya mzigo wa majani, mama yake mkubwa macho mekundu na mimi bado nimeshika kisu cha ndizi. Akasimama.

"Nani amekufa?" aliuliza. "Nimeanika pabaya?"

Ndeshi alijifuta pua, akasogea, akapiga mzigo kwa kiganja kumwonyesha pa kukaa.

"Pazuri, mama," alisema. "Njoo ukae hapa ulinde vitambaa vyako. Huku kuna mbuzi."